Aishedo ya Eda

Talaka yangu niliipata barazani, mchana kweupe, mbele ya wanaume wawili waliokuwa wakicheza bao na mume wangu. Chanzo kilikuwa sufuria. Masika mawili paa la jiko letu pale Somanga lilikuwa likivuja, na masika mawili mume wangu alikuwa akiniambia "kesho". Siku hiyo mvua iliingia moja kwa moja kwenye ugali niliokuwa nikiusonga, ukawa uji. Sikufikiri. Niliibeba sufuria kama ilivyo, nikavuka uani, nikapita sebuleni, nikaitua juu ya bao lao, kete zikatawanyika, nikasema, "Haya, kunyweni ugali wenu."

Wale wawili walicheka. Wasingecheka, huenda yangeisha kabla ya magharibi, maana mume wangu hakuwa mtu wa visa. Lakini walicheka, naye akasimama, akatamka, "Nimekuacha talaka moja." Kisha akainama kuokota kete zake.

Talaka moja ni talaka rejea. Hilo nililijua, kama anavyolijua kila aliyepita chuo cha Kurani. Mume akitaka anamrejea mkewe kwa neno tu, bila mahari wala ndoa mpya, mradi eda haijakwisha. Na eda yenyewe inahesabiwa kwa mwili wa mwanamke. Ningeona damu ya mwezi ya kwanza, kisha ya pili, na ile ya tatu ikianza tu, mlango umefungwa. Akinitaka baada ya hapo, aende Rondo kwa kaka yangu akanipose upya kama mtu baki. Kabla ya hapo ninakaa nyumbani kwake, ananilisha, na hakuna wa kunitoa.

Nisichokijua ni namna ya kuikaa hiyo eda. Kwetu Rondo hakukuwa na mtu aliyeachwa nikamwona. Eda niliyoiona mimi ni moja, ya bibi yangu, babu alipofariki nikiwa na miaka tisa. Bibi alikaa chumbani na kaniki yake nyeusi, hakupaka wanja, hakujifukiza udi, hakujitazama kwenye kioo, miezi minne na siku kumi. Basi nami nikafanya vivyo hivyo. Nilihamia chumba cha uani, nikavua bangili, nikageuza kioo kikaelekea ukutani, nikajifunga kaniki. Asubuhi nilikuwa nikimlilia mtu ambaye nilimsikia upande wa pili wa ukuta akikohoa na kuuliza chai iko wapi.

Majirani walikuja kunipa pole kwa sauti za chini. Mume wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kununua pweza kwa akina mama wanaochokoa pwani na kuwapakia pweza hao kwenye mabasi barabarani, alianza kurudi nyumbani akitembea polepole. Nilikuwa nikimwekea chakula mlangoni, nagonga ubao mara mbili, naondoka. Alikula ameinamisha kichwa. Nadhani hata yeye alishaanza kujiona marehemu.

Damu ya kwanza ilikuja, ikaenda. Ya pili ilikuja, ikaenda. Ndipo somo yangu alipoingia.

Somo ndiye mwanamke aliyenifunda nilipokuwa mwali, na kwetu somo anabaki na mwali wake mpaka mmoja wao azikwe. Anaishi Pande na habari zilichelewa kumfika. Alisimama mlangoni mwa kile chumba cha uani, mkoba begani, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye nyayo.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Nani kafa humu?"

"Hajafa mtu. Niko eda."

"Eda ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Yupi? Huyu niliyempita hapo nje anamenya chungwa?"

Somo akaketi kitandani, akavua viatu, na nilijua kwamba akivua viatu kuna maneno. "Mwali wangu, mimi nilikufunza nini? Anayekaa hivi ni aliyefiwa. Wewe mumeo mzima na neno liko kinywani mwake. Umewekwa nyumbani kwake ili akuone. Akuone, akutamani, akurejee. Sasa umemfichia uso miezi yote hii, arejee nini? Kaniki?"

Kichwa kiliniuma kwa aibu. Baadaye nilimuuliza maalim anayetusomesha wanawake siku za Alhamisi, naye akanithibitishia, huku akitazama mkeka, kwamba kwa talaka kama yangu hakuna katazo la kujipamba. Nilikuwa nimeomboleza bure. Mwanamke mzima, miaka kumi na mmoja ndani ya ndoa, nimefanya matanga ya mtu anayekula machungwa.

"Umeshaona mara ngapi?" somo akauliza.

"Mbili."

Akafyonza, akahesabu kwa vidole, akafungua mkoba. Alitoa kijisanduku cheusi, chembamba, kinachotosha kiganjani. Alikuwa amekinunua Lindi kwa ajili ya mwali mwingine aliyekuwa akisubiri harusi baada ya mavuno ya korosho. Akaniwekea mapajani. "Yule ana muda," akasema. "Wewe huna."

Ilikuwa aishedo, rangi za kope, kumi na mbili, zimepangwa safu tatu kama vitufe vya simu za zamani. Kulikuwa na kioo kidogo kisichoonyesha zaidi ya jicho moja, na kijiti chenye sponji ncha zote mbili. Nilikuwa nimeshapaka wanja maisha yangu yote, lakini hizi zilikuwa kitu kingine. Zote zilimeremeta. Dhahabu, shaba, fedha, waridi, zambarau, kijani kama cha kisamvu kilichoiva, na nyingine ambazo sina majina yake, zinazobadilika ukiinamisha kijisanduku huku na huku. Nilimshukuru somo, nikamsindikiza stendi, nikarudi mbio. Moyo ulikuwa ukinipiga kana kwamba nimeiba.

Nilimtaka mume wangu. Niliseme hilo wazi, maana kuna watu wanaonidhania nilikuwa nimeshamchoka. Nilimtaka nyumbani, nilimtaka chumbani, nilitaka aniite kwa lile jina lake la utani alilokuwa akiniita tukiwa wawili. Na nilikuwa na kama wiki tatu za kumfanya alitamke lile neno, au pungufu, kwa sababu mwili wangu haukuwa na saa ya kuaminika.

Siku ya kwanza nilichovya kidole kwenye dhahabu, nikajipaka kope zote mbili mpaka kwenye nyusi. Unga ulianguka mashavuni. Nilipogeuza kile kioo kikubwa cha ukutani nikajitazama vizuri, nilikuwa kama mtu aliyetoka kupara samaki, magamba uso mzima. Nikafuta kwa kitambaa kikavu, ikasambaa. Nikafuta kwa mafuta ya nazi, ikashuka shingoni. Siku hiyo nilimwekea chakula mlangoni na kukimbia kabla hajafungua.

Siku ya pili nilitanguliza mafuta ya mgando ili rangi ishike. Ilishika, nikafurahi, nikaenda jikoni. Joto la mafiga lilipoanza kunipiga usoni, rangi ilikusanyika kwenye mkunjo wa kope, ikawa mistari miwili ya fedha, kisha ikaanza kuteleza kuelekea puani. Nililia kwa hasira. Nililia kwa hasira kwa sababu ya rangi ya macho, mimi niliyebeba sufuria ya moto mbele ya wanaume bila kupepesa.

Niliendelea. Niligundua kwamba ukilowesha ile sponji kwa tone moja la maji, rangi inakaa na haimwagiki. Niligundua kwamba dhahabu peke yake inanizeesha, kijani inanifanya nionekane mgonjwa, lakini shaba katikati ya kope na zambarau pembeni, wanja ukifuata, jicho linakuwa kubwa na jeusi na lenye maneno. Nilikuwa nikijipaka asubuhi, nikifuta adhuhuri, nikijipaka tena alasiri. Sikuweza kutulia. Ningeanza kuosha vyombo, niviache na povu, nikimbilie kioo. Nilikuwa nikienda chooni mara nane kwa siku kutazama kama damu imekuja, na kila nikikuta hakuna, nilitoka nikiwa nimepunguziwa mzigo kwa nusu saa tu.

Niliacha kula papai, kwa sababu wanawake wanasema linaharakisha. Niliacha chai ya tangawizi. Niliacha kubeba ndoo kichwani, nikawa naburuta madumu madogo kutoka bombani, jirani akidhani nina mimba. Siku moja tumbo lilinikata, nikalala chini ubavu, miguu nimeikunja, nikiuambia mwili wangu kwa sauti, "Subiri. Subiri kidogo tu." Yalikuwa maharage.

Na yeye? Nilishaacha kukimbia. Nilikuwa nikigonga ubao, mlango unafunguliwa, nasimama pale na sahani mikononi, uso juu. Siku ya kwanza ya shaba na zambarau alitazama sahani. Akasema, "Samaki leo." Nikasema, "Ndiyo, samaki." Siku iliyofuata akasema chumvi imepungua. Nikarudi uani nikakipiga teke kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Nani anayetazama chumvi mbele ya macho kama yale?

Lakini siku ya tatu alirudi kuomba maji, akarudi tena kuomba maji, mtu ambaye mtungi wake uko chumbani kwake. Akasimama akinywa taratibu, jicho moja juu ya ukingo wa kikombe. Akauliza, "Hilo jicho limefanya nini?"

"Limepakwa rangi, bwana."

"Aa," akasema, akarudisha kikombe.

Hiyo "aa" niliishi nayo siku nzima. Niliigeuza kila upande. Ilikuwa aa ya kuridhika, au aa ya kudharau, au aa ya mtu aliyemezwa na haya? Niliikariri mwenyewe jikoni, kwa sauti mbalimbali, kuona ipi inafanana.

Wiki ya pili ikapita, ya tatu ikaanza. Ile rangi ilishaenea nyumba nzima. Ilikuwa kwenye mkeka, kwenye kifuniko cha kawa, kwenye sabuni. Alhamisi moja nilimpigia pasi kanzu yake ya Ijumaa, na sikuwa nimenawa viganja vizuri. Kesho yake mchana, watu walipotoka msikitini, nilisikia vicheko vikija na njia yetu kutoka mbali. Wale wawili wa bao walikuwa pamoja naye. Mabega ya kanzu yake yalikuwa yakimetameta juani.

"Shehe wetu leo kang'aa," mmoja alikuwa akisema. "Umelala na malaika?"

Nilikuwa uani, macho nimeyapaka vizuri kuliko siku zote. Mkono ulikuwa umeshazoea. Damu haikuwa imekuja. Nilikuwa nimetoka kutazama muda si mrefu, na nilikuwa na hakika.

"Wewe!" mume wangu akaita. "Njoo huku barazani."

Nilijua anachoniitia. Mume mmoja, wanaume wawili, wanatosha kushuhudia. Nikanawa mikono, nikaiweka kanga vizuri kichwani, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikapita sebuleni nikijizuia nisikimbie.

Nilipotokeza, hakunitazama. Aliwatazama wao.

"Mnamwona?" akasema. "Si ndiye huyu wa sufuria? Haya, tazameni sasa. Kila siku anajichora mpaka nyumba nzima inawaka, anataka nimrudishe. Mwanamke mwache kidogo, adabu itamrudia mwenyewe." Akajipangusa bega, vumbi la shaba likaruka. "Basi shuhudieni. Nimemrejea mke wangu."

Wakacheka. Kicheko kilekile, kwa midomo ileile.

Nimejaribu mara nyingi kuwa mkweli kuhusu nilichokifikiri pale. Sikufikiri. Kilichonipanda ni kitu kilekile kilichonipanda na sufuria mkononi, kinaanzia tumboni na kikifika kooni mimi si mwenye nyumba tena. Wiki tatu nilikuwa nimejifunza kope zangu kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilikuwa nimejipaka kwa ajili ya mtu, naye akazichukua zile rangi akawaonyesha wenzake kama samaki aliyemvua.

Nikasema, "Umechelewa."

"Nimechelewa nini?"

"Eda imekwisha. Nimeona damu leo asubuhi."

Yule mkubwa wa wale wawili aliacha kucheka, akakohoa, akasema kwa heshima, "Hilo analijua mwanamke mwenyewe. Neno lake ndilo neno." Ndivyo sheria ilivyo. Hakuna anayekwenda kukagua. Mwanamke akisema nimeona, ameona.

Mume wangu akageuka. Akanitazama machoni waziwazi kwa mara ya kwanza tangu nianze kujipaka, akatazama zile rangi zote, moja moja, bila haraka, na uso wake ukabadilika ukawa wa yule mtu wa miaka ya mwanzo.

"Leo?" akauliza, sauti imeshuka.

"Leo."

"Si ungeniambia jana?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kulikuwa na nafasi, kubwa tu, ya kusema nimekosea, nimetania, hasira. Wale wawili walikuwa wakitazama miguu yao. Alikuwa amenyoosha mkono kidogo, hajui aupeleke wapi, kwa sababu sasa nilikuwa mwanamke baki kwake. Nikamwangalia, nikafunga mdomo, nikaenda kufungasha.

Somo alikuja kunichukua kesho yake. Njia nzima aliniambia nisilie, riziki ya ndoa ni ya Mungu, tulijitahidi. Tulifika kwake Pande jioni. Damu ilikuja kesho yake asubuhi, Jumapili, nyingi na ya uchungu. Nilifua vitambaa vyangu kabla somo hajaamka, nikavianika nyuma ya banda la kuku, na mwezi uliofuata nilimdanganya tarehe ili hesabu ikae sawa. Sikumwambia. Mpaka leo hajui.

Sasa ni mwaka wa nne. Ninaishi Lindi na ninapamba maharusi. Mkono wangu umesifika, wananiita mpaka Kilwa Masoko. Mabibi harusi wakifumba macho wanaongea sana, na mimi ninapowapaka nawasikiliza, nawaambia watulie, nawaambia wataolewa vizuri, na ndani yangu hakuna kinachotulia. Nikipumzisha mikono ndipo ninapoanza kuhesabu. Alitamka Ijumaa. Damu ilikuja Jumapili. Neno lake lilinikuta ndani ya eda, mbele ya mashahidi wawili, na likanishika. Uongo wangu haukulibatilisha, ulilificha tu machoni pa watu.

Yeye alioa mwaka uliofuata, na kwa upande wake hakuna kosa, mwanamume anaruhusiwa wa pili. Mimi ndiye sina pa kwenda. Dawa yake ni fupi. Niende Somanga, nimwambie ukweli, aniache kwa talaka ya kweli au asiniache. Mwezi uliopita nilikwenda. Nilimkuta barabarani, na ndoo zake za pweza, amenenepa kidogo. Aliponiona aliinamisha macho haraka, kama anavyofanya mtu mwenye adabu akikutana na mwanamke asiye wake, akasema, "Hujambo, mama?" Nikajibu sijambo. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama pweza wapo. Akasema wamekwisha, nije kesho.

Wiki hii kuna mtu ametuma posa Rondo, fundi cherehani, mgane, mpole, anayenitengenezea kanga zangu bila kuniudhi hata siku moja. Kaka yangu alinipigia simu anacheka kwa furaha. Somo amepiga pia, ameshavua viatu, nilimsikia. Nimewajibu wote kwamba siolewi. Wanadhani nimechoka na ndoa, au ninaringa. Siwezi kuwaambia kwamba nina mume, kwa sababu mume wangu mwenyewe hajui.